Kuitwa kwa Bwana Jabali

Atakayetaka kujua Bi Somoe Athmani, mkunga mstaafu wa Lindi, alifikaje nchi ya Mzingoni, na akawaulize wanaojua mambo ya safari. Sisi tunachojua ni kwamba alifika salama, kanga mwilini na daftari kwapani, na kwamba kitu cha kwanza alichokiona ni bango kubwa lililoandikwa UMOJA NI NGUVU. Chini ya bango walisimama walinzi wawili, mbalimbali, kila mmoja kampa mwenzake mgongo kama wake wenza waliokutana sokoni.

"Mmegombana?" aliuliza Bi Somoe.

"Hapana, mama," alijibu mmoja wao. "Tuna umoja sana. Ila tafadhali usinikaribie. Ni Sheria ya Mkono Mmoja."

Mzingoni si nchi ya udongo wala ya maji. Ni duara pana la vumbi na hewa, bapa kama chapati, linaloizunguka nyota changa ambayo wenyeji huiita Mwana. Nyota hiyo ndiyo kwanza imezaliwa, umri wake miaka milioni mbili tu, na ina tabia zote za kitoto: inatema moto bila taarifa, inanuna, inawaka tena. Watu wazima wote hutembea kwa kunyata wasije wakaiudhi. Bi Somoe, aliyekwisha kupokea watoto elfu na ushei, aliitazama mara moja akasema haina ugonjwa wowote, ila imezoeshwa vibaya.

Wenyeji wenyewe ni vumbi. Kila raia huanza maisha akiwa chembe isiyoonekana kwa macho. Akigusana na chembe nyingine taratibu, wananatana, wanakuwa kishungi kama kile kinachokaa chini ya kitanda kisichofagiliwa. Kishungi hukua kikawa kokoto, kokoto likawa jiwe, na jiwe likibahatika likawa mtu mwenye ofisi. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tusemavyo sisi. Kwao haba zilikuwa tele, lakini kibaba kilikuwa hakijai miaka nenda miaka rudi, na Bi Somoe akaamua kukaa mpaka ajue kwa nini.

Sababu ya kwanza aliipata siku ile ile. Zamani raia wawili walikutana kwa kasi, wakapasukiana vipandevipande. Baraza likaketi, likatafakari kwa kina, na badala ya kukataza kasi, likakataza kukutana. Tangu hapo kila mtu lazima akae umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzake. Anayetaka kunatana na mtu huomba kibali cha kugusana, nacho hupita ofisi saba, na kila ofisi haitii saini mpaka ione saini ya nyingine. Bi Somoe alikutana na wachumba waliokuwa wakisubiri kibali tangu Mwana hajaanza kuwaka.

Sababu ya pili aliipata Barazani. Watu wote wa Mzingoni wanakubaliana kwamba siku moja watakusanyika wawe Dunia: tufe moja kubwa, lenye ardhi ya kukanyaga. Wimbo wa taifa unasema hivyo, na watoto wanaukariri. Lakini kikao alichohudhuria Bi Somoe kilikuwa cha laki nane kwa ajenda ile ile moja, nayo ni nani atakuwa kiini.

Mjumbe wa Ukanda wa Barafu alisema kiini lazima kiwe cha barafu, maana barafu ni safi. Mjumbe wa Ukanda wa Ndani akajibu kwamba barafu katikati itayeyuka, na kwamba watu wake wana chuma damuni tangu kwa mababu. Mjumbe mmoja mwembamba wa pembezoni aliinuka akauliza kama yupo atakayekubali kuwa ganda. Alitolewa nje kwa kutumia lugha isiyo ya staha.

Idara ya Hewa nayo ilikuwa na taarifa. Ilisema kwamba Mwana akikua kidogo atapuliza, hewa yote itaondoka, na vumbi lolote litakalokuwa halijajiunga litapeperushwa kama pumba. Taarifa ilipokewa, Idara ikapongezwa kwa kazi nzuri, karatasi zikawekwa kabatini. Kisha akasimama Waziri wa Mshikamano, Mheshimiwa Gumegume, jiwe jeusi lenye sauti nene, akafunga mjadala.

"Ndugu wajumbe," alisema, "Dunia lazima iundwe. Hilo halina mjadala. Nami kwa unyenyekevu mkubwa niko tayari kukaa katikati."

Walipiga makofi, kila mtu kwa mikono yake mwenyewe, kwa umbali wa kisheria.

Lakini jambo lililomtia Bi Somoe kiwewe halikuwa hilo. Alipotoka Barazani alikuta shamrashamra. Jaji mmoja mzito alikuwa anapandishwa cheo, na raia wamejipanga kumuaga. Karibu na Bi Somoe alisimama Katibu wa Itifaki, Bwana Chengachenga, ambaye ujanani alipasuka mara tatu kwa haraka zake na sasa alikuwa ameungwaungwa kama chungu cha urithi. Bi Somoe akamuuliza jaji anakwenda wapi.

"Juu," alisema Bwana Chengachenga.

"Juu wapi?"

"Kwa Mwana, mama. Ameitwa. Raia akifikia Kipimo, huitwa."

Ngoma zikapigwa. Jaji akajiachia, akaanza kwenda kuelekea kwa Mwana, kwanza kwa heshima na madaha, kisha kwa haraka kidogo, kisha kama kitu kilichomwagika. Baada ya muda paliwaka kimwali kidogo cha moto kwenye shavu la nyota. Umati ukashangilia.

"Amepokelewa kwa fataki," alisema Bwana Chengachenga, machozi yakimlengalenga.

"Na waliotangulia, huwa wanarudi kusalimia?"

"Hajarudi hata mmoja. Hapo ndipo ujue kuna raha."

Bi Somoe alifungua daftari akaandika neno moja: *Kaungua*.

Alipewa malazi kwa mama mmoja jina lake Bi Changarawe, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Mumewe, Bwana Jabali, alikuwa mtu mkubwa na mpole, na tamaa yake maishani ilikuwa moja tu, nayo ni kuitwa. Alikuwa akila vumbi asubuhi, mchana na jioni, akiwakaribisha hata jamaa wa mbali wamnate mgongoni ili mradi afikie Kipimo. Kipimo chenyewe kilikuwa ukubwa wa ng'ombe aliyeshiba.

"Sijui nina nini, mama mgeni," alimlalamikia Bi Somoe. "Nakula kama wenzangu, lakini sinenepi. Ukoo wetu tunaonewa kijicho."

Bwana Jabali alipolala usingizi wa baada ya chakula, Bi Changarawe alimshika mgeni mkono, bila kibali, akampeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na lundo la vumbi na vijiwe, kubwa kuliko mbuzi.

"Nini hiki?" aliuliza Bi Somoe.

"Mume wangu," alisema Bi Changarawe. "Yaani, sehemu yake. Kila akisinzia namsugua mgongo. Yeye anaona raha, anasema mke wangu ananipenda. Nami nampenda kweli, ndiyo maana namkwangua."

Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Alipoinua macho akaona mwenzake hacheki.

"Bibi yangu, mimi nilizaliwa na macho," alisema Bi Changarawe. "Nimeona dada yangu akiitwa. Nimemwona mjomba. Wanasema wanapanda, lakini mbona wanakwenda wakipiga kelele? Humu ndani hakuna anayetaka kuuliza, maana kila mtu anayo nafasi anayoingoja."

Kisha akamweleza jinsi mambo yalivyo, na Bi Somoe akayaandika yote. Hewa ya Mzingoni huzunguka polepole kuliko watu. Chembe ndogo huchukuliwa na hewa, inakwenda nayo bila kujua. Mlima, kama ungekuwako, usingejali. Lakini mtu mwenye ukubwa wa ng'ombe hupigwa na upepo usoni saa zote, upepo unampunguza mwendo, na anayepungua mwendo Mwana humvuta. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa ikijenga watu mpaka wafikie ukubwa ule ule wa kuangamia, kisha inawapigia ngoma. Na mlima hauwi, maana hapana aliyebaki wa kuanzia mlima.

Siku ya tatu Bwana Chengachenga alikuja na barua. Kwa kuwa nafasi ya jaji ilikuwa wazi na ngoma zilikuwa zimekwisha kukodiwa, ofisi ilikuwa imeamua kwamba aliyekikaribia Kipimo ahesabiwe amekifikia. Bwana Jabali angeitwa kesho kutwa. Bwana Jabali aliisoma barua mara nne, akaanza papo hapo kufanya mazoezi ya kupunga mkono.

"Hongera, mume wangu," alisema Bi Changarawe, akaingia ndani. Bi Somoe alimkuta amekaa, mikono imetulia kwa mara ya kwanza.

"Nimemkwangua miaka elfu sita," alisema. "Leo wameshusha Kipimo kwa barua moja. Bibi, mimi sitaki mume mwenye cheo. Nataka mume."

Maneno hayo yalimwingia Bi Somoe, maana naye alikuwa mjane. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hakuwa na dawa yoyote isipokuwa daftari. Akauliza kama hakuna namna yoyote ya kuukwepa upepo ule.

"Ipo," alisema Bi Changarawe. "Sisi wanawake tukienda kuchota barafu huko mbali, tunafuatana, mmoja nyuma ya mwingine, tumebanana. Wa mbele anapigwa na upepo, wa nyuma tunapumua. Tukifika ishirini hivi hatuyumbi hata kidogo, na wapita njia wanavutika kujiunga. Ni kosa kisheria, ila mgambo hawafiki kule, wanaogopa baridi."

Bi Somoe akafunga kanga vizuri akaenda moja kwa moja kwa Waziri wa Mshikamano. Alimweleza kwamba wananchi wakikusanyika nyuma ya Bwana Jabali, wakabanana, hataanguka, na huenda hata Dunia ikapatikana hapo hapo. Mheshimiwa Gumegume alisikiliza kwa makini.

"Hoja nzuri sana, mama," alisema. "Sasa, atakayekaa katikati ya huo mbanano ni nani?"

Akaunda kamati ndogo, ilete majibu baada ya miaka elfu arobaini.

Bi Somoe alirudi amenuna. Lakini katika miaka thelathini ya ukunga alikuwa amejifunza kwamba mtoto aliyekaa vibaya hatoki kwa amri. Unatazama anaelekea wapi, unamsaidia huko huko. Na watu hawa walikuwa wanaelekea wapi? Hakuhitaji kuwaza sana. Hakuwahi kusema uongo kazini, na siku ile pia hakusema. Alimfuata tu Bwana Chengachenga, aliyekuwa akipima viwanja vya sherehe kwa kamba, akamuuliza swali la mgeni.

"Samahani, Katibu. Pale atakaposimama Bwana Jabali kesho kutwa, ndipo patakapokuwa katikati ya Dunia?"

Bwana Chengachenga hakujua. Lakini Katibu wa Itifaki yuko radhi apasuke mara ya nne kuliko kusema hajui.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hilo bado ni siri."

Mpaka wakati wa kula, siri ilikuwa imefika Ukanda wa Barafu.

Siku ya sherehe haijapata kuonekana mfano wake. Walikuja wajumbe wote, walikuja wachumba wa vibali, walikuja hata wagonjwa waliokuwa hawajatoka nje miaka mingi. Bwana Jabali alisimama mbele, amepakwa mafuta, mkewe nyuma yake. Nyuma yao ilijipanga foleni ndefu kuliko macho, mkono mmoja baina ya mtu na mtu, kama itifaki inavyotaka.

Wa kwanza kusogea alikuwa Mheshimiwa Gumegume. "Namsalimia tu," alisema, akasimama nusu mkono. Mjumbe wa Ukanda wa Ndani akaona, akasogea robo. Mjumbe wa Barafu akapenya baina yao. Hakuna aliyekimbia, maana wote waliogopa kupasuka, na wote walikuwa watu wenye nyadhifa. Walibanana kwa adabu.

"Nipishe kidogo, ndugu yangu."

"Samahani, mimi nilikuwa hapa tangu asubuhi."

"Kiwiko chako, mheshimiwa!"

"Mkono mmoja!" alipiga kelele Bwana Chengachenga. "Waheshimiwa, mkono mmoja!" Lakini mgambo watamkamata nani, na Waziri mwenyewe ameshanatana na watu sita?

Ngoma zikalia. Bwana Jabali alipunga mkono alioufanyia mazoezi, akajiachia. Upepo ukampiga kifua kizima, akateleza. Bi Changarawe akamrukia kiunoni kwa mikono yote miwili. Wakateleza pamoja, na joto la Mwana likaanza kuwafikia usoni.

"Niachie, mke wangu, utaniaibisha!" alisema Bwana Jabali.

"Nitakuaibisha mpaka uzeeni!"

Nyuma yao mtu mmoja akapaza sauti. "Jamani! Katikati inaondoka!"

Hapo ndipo Bi Somoe alipoona jambo ambalo hatalisahau. Nchi nzima, iliyoshindwa kukusanyika kwa vikao laki nane, ilijikusanya kwa hofu ya kuachwa pembeni. Walimfuata Bwana Jabali, wakamzunguka, wakajibana nyuma yake na ubavuni. Upepo uliokuwa unampiga yeye peke yake sasa ulipiga ukuta wa maelfu, ukaona haya. Mteremko ukapungua, ukasimama. Na walipokwisha kuwa wengi wa kutosha, uzito wao wenyewe ukaanza kuvuta. Waliokuja kwa tamaa walifuatiwa na waliokuja bila kutaka, wakielea kutoka pande zote, wakitua mmoja juu ya mwingine. Bwana Chengachenga alipita juu ya kichwa cha Bi Somoe, kamba ya kupimia mkononi, bado akitaja sheria kwa kifungu na namba.

Katikati kulikuwa na msukumano wa kufa na kupona. Mgeni rasmi alianza kupigwa vikumbo.

"Jamani, mimi ndiye ninayeitwa!" alilalamika Bwana Jabali.

"Tunajua, mzee. Hongera. Sogea kidogo."

Wakamsogeza, wakamsogeza tena, hata akatokea upande wa nje kama kokwa ya embe iliyominywa, mkewe bado kamng'ang'ania kiunoni. Akakaa juu ya ganda, kajaa vumbi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kitu kilichokuwa chini yake kikabaki pale pale.

Kila aliyekuwa nje alikuwa akikanyaga kwa mguu mmoja, kisha mwingine, akijaribu. Bi Somoe naye alikanyaga. Ilikuwa ardhi.

Kutoka chini kabisa ilisikika sauti nene ya Mheshimiwa Gumegume akianza hotuba ya ufunguzi. Maneno yalifika juu kwa kupokezana, mdomo kwa mdomo, na kwa hiyo yalichelewa. Kwanza ilifika salamu. Kisha ikafika kwamba katikati ni mahali pa heshima kubwa. Kisha ikafika kwamba kuna giza. Baadaye kidogo, kwamba kuna joto la ajabu, uzito wa watu wote uko juu ya mgongo wa Waziri, na je, ndugu walioko nje wangependa kubadilishana nafasi kwa zamu? Yule mjumbe mwembamba wa pembezoni, aliyekuwa amejilaza juani, alisema hoja ni nzuri na inafaa kuundiwa kamati.

Lakini Bwana Jabali hakucheka. Alikuwa akilia kabisa, machozi ya mtu mzima.

"Hafla ilikuwa yangu," alisema. "Nimengoja maisha yangu yote. Sasa mimi ni nani?"

Bi Changarawe alikaa karibu naye, bega kwa bega, hapakuwa na mkono wala kidole baina yao. Bi Somoe aliona midomo yake ikitetemeka kwa furaha aliyokuwa akiizuia, kwa kuwa mume alikuwa hai, na mume aliye hai ana haki ya kununa.

Mbali kidogo, kwenye vitongoji vichache vya ndani zaidi, karibu na Mwana, ambako siri ya Katibu haikufika, ngoma zilianza kulia. Mkuu wa shule wa huko alikuwa amefikia Kipimo. Wakamwona akijiachia, kavaa joho, akaenda kwa madaha, kisha kwa haraka. Bwana Jabali alifuta macho atazame, kwa wivu. Alitazama muda mrefu. Alitazama ardhi iliyokuwa chini ya miguu yake, akamtazama tena yule bwana, akarudia, kama mtu anayelinganisha vitu viwili sokoni. Mtu asiyepata kuwa na chini atajuaje ipi ni juu?

"Mke wangu," alisema polepole. "Yule mbona anaanguka?"

"Anaanguka, mume wangu."

"Na yule jaji?"

"Naye."

"Na dada yako?"

Bi Changarawe aliinamisha kichwa. Bwana Jabali akasimama, akakimbia mpaka ukingo wa kilima, akapunga mikono yote miwili, akapaza sauti.

"Ndugu! Unaanguka! Shika mtu! Shika mtu yeyote!"

Yule mkuu wa shule alimwona. Akageuka kwa shida, joho likimpepea usoni, naye akampungia mkono kwa bashasha, akidhani anapongezwa.